Ndoo ya ku Mulango, Blanketi ya ku Nyumba

Nyinyi benye munabaki na fagio, na bindoo, na bagonjwa ya kila asubui, muliniomba nibaachie maneno siku nilienda kukaa ku nyumba. Mimi sikusoma. Bic, kalamu, iko mu mukono ya Aline, ule binti anaandikaka majina ya bagonjwa pale banaingilia. Nimemuambia aandike vile ninasema, asinivalishe Kiswahili ya ku radio. Ya mushahara sitasema, haiwezi kujaza hata mustari moja. Ya kupanda cheo pia sitasema: nilianza na fagio, nikamaliza na ndoo. Kama ile ni kupanda, basi nilipanda.

Nilifika ku hii centre ya afya na Riziki, mutoto yangu ya kwanza, mu mugongo. Tulikuwa tumetoka ku bilima ya Masisi, juu ya mambo yenye kila mutu hapa anajua. Centre ilikuwa ingali nyumba ya mbao ku barabara ya Sake, mbele ya kufika Mugunga. Niliingia kuomba kazi ya kulima, juu kitu yenye nilijua ni jembe. Mama mumoja, kitambaa ya kichwa imekazwa kama ngoma, akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa, akasema hapa habalime, hapa banapangusa. Akanipa kitambara. Sikupata hata wakati ya kusema ndiyo.

Yule njo Mama Nabintu. Mutu ya upande wa Bukavu, Mukatolika ya misa ya kila asubui, na anasemaka pole pole kama anasoma somo ya kwanza. Hata akikuomba chumvi, unasikia kama unapashwa kujibu "Tumshukuru Mungu." Nilimuigizaka tangu siku ya pili. Siku ya tatu alinikamata nikimuigiza mbele ya bamama ya kujifungua, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Pole pole zaidi, Mama Riziki. Unanikimbiza." Pale nilijua tutakaa pamoja.

Alinifundisha kila kitu. Kupangusa chini mu nyumba ya bagonjwa, unaanza kule ndani kabisa, unapangusa ukirudi nyuma mpaka mulango, kama mutu anatoka mbele ya mwami, mufalme, hapana kumupa mugongo. Juu ya klore, ile dawa ya kuua bidudu ya magonjwa, alijua sisomi, na hakuniaibisha. Alifunga uzi mwekundu ku ndoo ya klore kali, ile ya matapishi na damu, na uzi mweupe ku ndoo ya klore kidogo, ile ya kunawa mikono. Ku fimbo moja akakata alama na kisu, ya kupimia mayi. Baganga wengi benye madiploma balikuja nyuma yangu kuniuliza ni ndoo gani. Ninabaonyesha uzi.

Wiki yangu ya kwanza aliingia bibi ya mutu ya biashara, amevaa manguo ya kuangaza, na mimi nikamuuliza kama amenawa mikono. Alinijibu maneno yenye Aline hataandika. Mama Nabintu akanivuta pembeni. Akaniambia hivi, na nimeishika mpaka leo: "Hapa hatuulizake mutu kama ni musafi. Umumwangie mayi tu."

Tukafanya kazi hivyo miaka mingi. Wakati ya kipindupindu tulikuwa tunalala na buti ku miguu. Muzee mumoja mufugaji, mutu murefu wa kukauka, alikataa kunawa mpaka tunawishe fimbo yake kwanza, juu alisema fimbo njo inatembeaka mbele yake. Tukanawisha fimbo na heshima yote, ndipo akaleta mikono. Mama Nabintu alisema yule muzee njo mutu peke yake alielewa kazi yetu. Kisha ikaja Ebola, banipa ile kamashine ya kupima moto ku paji ya uso, batoto balikuwa banaiita bunduki. Bapapa bakubwa benye walipita vita mbili balikuwa banafunga macho nikibanyooshea ile bunduki. Sikubacheka. Nilibachekaka nyuma, ku nyumba.

Halafu Corona. Mimi nikawekwa ku mulango kabisa, na ndoo ya uzi mweupe, na bunduki, na amri ya kurudisha kila mutu mwenye hana cache-nez, ile kitambaa ya mudomo na pua. Njo pale nilipata jina Mama Ndoo. Niliona mambo. Bamotari, bale ba pikipiki, banavaa cache-nez ku kidevu, kama ndevu ya mbuzi. Famille moja ilikuja batu bane na cache-nez moja: wa kwanza anaingia, anatoka, anamupa wa pili pale barabarani, wa pili anaivaa ingali ya moto, anaingia. Ile kitambaa ilipita mbele yangu mara ine na bichwa ine. Nikabaambia yenyewe ilisha kuwa mugonjwa wetu, tuiandikie fishi, ile karatasi ya mugonjwa.

Mu ile miezi ya kwanza Mama Nabintu aliipata Corona. Alilala wiki nyingi, akaamuka, lakini kifua haikurudi vile. Alikuwa pia na sukari mu damu. Kutoka mulango mpaka ku chumba ya bamama, fasi alikuwa anatembea akiimba, sasa anasimama mara mbili kutafuta pumuzi. Bakamupumuzisha kazi. Tangu pale akawa mugonjwa wetu: kila siku ya pili ya wiki, njo Jumanne, anakuja kupimisha sukari, anaketi ku banc ya mbao yenye alipangusaka miaka yote, na bazee bengine benye sukari, na benye presha, na mutoto mumoja ya figo mubaya. Banc ya bale batu tuliizoea. Baliingiaka pa mulango yangu, na kila mutu mwingine, na kikohozi yake, alipitaka pale pale.

Kisha siku moja ule bwana ya radio, mwenye anasemaka kama amemeza maharagi ya moto, akatangaza cache-nez inaweza kutoka, makanisa inaweza kujaa, kilio ya kuzika inaweza kuwa kilio tena. Mimi pia nilifurahi, nisidanganye. Nilikuwa nimezika dada yangu na batu kidogo tu, bamesimama mbali mbali kama miti ya kalitusi ya kupandwa na kamba. Nikasema aksanti Mungu.

Lakini kesho yake batu bakapita ndoo yangu kama banapita jiwe. Motari mumoja, Safari, kijana mwenye sauti ya pua, anapakiaka bagonjwa hapa kila siku, akaniambia Corona ilirudi kwabo na ndege, tena mu kiti ya mbele, na mimi nifunge ndoo niende kuuza mukate. Papa mumoja wa biro, wa kazi ya ofisi, kitambaa ya pua mukononi, alisimama mbele yangu akakohoa vizuri, akajipangusa, akasema: "Maman, c'est fini, c'est officiel." Iliisha, serikali imesema. Mutumishi wa Mungu mumoja alisema damu ya Yezu inatosha, hana lazima ya sabuni. Nikamuuliza sabuni iliumbwa na nani. Akanawa, lakini alinawa na hasira. Na musifikiri ni batu ya inje tu. Nyinyi batu ya kazi mulikuwa ba kwanza kuacha kunawa. Chupa ya sabuni mu chumba ya kupima ilikaa tupu mpaka buibui ikapata nyumba mule.

Mumoja tu sikumuigiza hata siku moja. Mama ya kuuza makala, mutu ya Kalengera, alikuwa amekimbia vita na batoto, sasa banalala ku kambi ya Kanyaruchinya chini ya bâche, ile hema ya plastiki. Alileta mutoto wa kuhara. Nilimuonyesha ndoo, akaniangalia bila hasira. Akasema yeye amekimbia risasi, amekimbia njaa, mvua inamupata kila usiku, hiyo Corona yangu ijipange nyuma ya zingine, siku yake ikifika atanawa. Nikakamata kopo, nikachota mayi, nikamumwangia ku mikono. Akanawa, juu ya heshima yangu, si juu ya Corona. Nikaona: kumbe njia ni hii.

Papa Janvier, mukubwa wa centre, naye alikuwa amenifundisha asubui ya ile siku ya mama ya makala. Munamujua, anasemaka akiangalia saa, kama maneno inauzwa: "Mama Riziki. Ndoo ibaki. Amri iliisha. Sasa ni kuomba batu." Na mimi kuomba sijui. Lakini kwetu, mbele ya chakula, mutoto au mama anasimama na mayi anamwangia mugeni mikono, na hakuna mugeni anavutaka mikono. Njo nikaacha kuonyesha batu robinet, kale kabomba ya ndoo. Nikakamata kopo. Mutu akifika ninasema karibu, mayi tayari inaanguka. Ni yeye achague kama inaanguka ku mikono ao ku biatu. Safari alinawa mwezi muzima akinitukana. Papa wa biro alinawa akiniambia c'est fini. Ninamujibu c'est fini, Papa, leta na ule mukono mwingine. Bule. Bila amri hata moja. Ile njo kazi nzuri kupita zote nilifanya hapa, na niliifanya nikiwaza banc ya siku ya pili, nikiwaza zaidi mama mumoja.

Sasa sikilizeni ile ya kunipa haya, juu bila hii, zingine zote ni kujisifu.

Ilikuwa wakati ya jua kali, vumbi ya mawe ya volkano inaingia mpaka mu sahani. Nikapata kikohozi na mafua. Nikasema ni vumbi. Nilisema na sauti yangu mwenyewe, hapana kuigiza mutu: ni vumbi. Corona ilikuwa imeshakaa miezi mingi bila kusikika, na mutu akilinda mulango wakati murefu anaanza kuwaza adui anapitaka ku mulango tu, na yeye mwenyewe si mulango.

Siku ya Yezu, Jumapili, nyuma ya misa, nikachemsha majani ya kalitusi na ndimu nijifukize. Munajua vile tunafanya: sufuria katikati ya miguu, blanketi juu ya kichwa, unameza ile moshi ya moto mpaka jasho inatoka. Na kwetu mutu hajifukizi peke yake, kama vile hakule peke yake. Makala imewaka, sufuria ni kubwa, mutu anaita jirani. Mama Nabintu ni jirani yangu, ukuta ya mawe tu kati ya uwanja ya parsele yake na yangu. Nikamuita juu ya ukuta. Akasema kifua inamubana kidogo na hii vumbi, anakuja.

Tukaingia chini ya blanketi moja, bamama babili, pua ku pua. Nikaanza kumuigizia Papa Janvier na saa yake, Safari na pua yake, ule papa wa biro na c'est fini. Mama Nabintu alicheka mpaka akakohoa, akavuta pumuzi yote ya mule ndani, akaniomba nirudilie ya mutumishi wa Mungu. Nikarudilia. Tulikaa mule mpaka mayi ikapoa. Tukatoka tumeloa, tukiangaliana kama batoto bameiba sukari. Nilisema nimepona. Akasema na yeye anasikia kifua imefunguka. Tukagusana kichwa mara tatu, kuume, kushoto, kuume, akarudi kwake.

Kesho yake nikaenda kazini na kikohozi yangu. Siku ya pili ya wiki Mama Nabintu akaja kupimisha, nikamumwangia mayi, akanawa, tukacheka tena. Siku ya tano ya wiki Papa Janvier akanisikia nikikohoa ku mulango, akaangalia saa. Akaingia mu kabati, akatoa test ya Corona mu zile zilikuwa zimebaki, zenye hakuna mutu alikuwa anaomba tena, akanitia kale kajiti mu pua mpaka nikaona Masisi. Tukangoja. Mistari ikatoka miwili, njo kusema ninayo. Nikamuambia hiyo test imeoza. Nikamuambia Corona iliisha. Nilimuambia yote yenye motari na bapapa baliniambiaka, moja moja, na sikukuwa ninaigiza.

Hakunigombeza. Akauliza tu nilikuwa karibu na nani. Nikasema na mutu hapana, mimi ninasimamaka mbali, ninamwangia mayi na mukono murefu. Halafu nikakumbuka blanketi.

Nilitembea mpaka kwa Mama Nabintu na cache-nez ku uso, ile yangu ya zamani, ilikuwa na harufu ya sanduku. Sikuingia. Nilisimama barabarani mbele ya mulango wa parsele. Binti yake Nsimire, ule anashonaka manguo, alikuwa inje, na sufuria iko juu ya makala, na majani ya kalitusi inachemka ndani. Blanketi iko ku bega yake. Alisema mama amelala tangu jana, kifua inabana, ni ile vumbi na sukari, sasa wanamufukiza, yeye na bajukuu babili pamoja naye juu hana nguvu ya kuketi peke yake. Kupitia dirisha nilisikia pumuzi ya Mama Nabintu. Ilikuwa fupi fupi, kama mutu anapanda na muzigo.

Nikasema: "Nsimire, usimufukize. Mupeleke hopitali kubwa, sasa. Useme ni Corona. Useme imetoka kwangu."

Nsimire akanicheka.

"Mama Riziki," akasema, "leo unaigiza nani? Ule wa radio?"

Nikarudilia. Akacheka zaidi, akasema Corona gani tena, mama, Corona iliisha, unanichekesha na mimi niko na mugonjwa. Batu bengine babili benye balikuwa banapita bakasimama kuangalia, bametabasamu tayari, bakingoja sehemu ya kuchekesha. Miaka yote nimebafundisha kungoja ile sehemu. Ile maneno, Corona iliisha, niliigizaka na sauti kumi, na siku ile ikatoka ku mudomo ya mutoto ya rafiki yangu na sauti yake yeye mwenyewe, bila uchokozi.

Basi nikapiga magoti. Pale barabarani, juu ya mawe, na haya magoti munayajua. Kwetu mama muzee hapigi magoti mbele ya binti mwenye angemuzaa. Nsimire aliacha kucheka kidogo kidogo, kama mayi inaacha kuchemka. Akaangalia blanketi ku bega yake. Akaitupa chini, akamwanga ile sufuria juu ya makala, moshi ikapanda, na kati ya moshi nikamusikia anaita motari.

Motari mwenye alikuja ni Safari. Alimupakia Mama Nabintu katikati, Nsimire nyuma kumushika. Mbele ya kuwasha alinitazama pale chini, akavua fulari yake ku shingo, akaifunga ku mudomo na pua, bila mutu kumuambia. Hakusema neno juu ya ndege.

Ku hopitali bamupima, ilikuwa ile ile. Bamuwekea oxygène siku ile ile. Baganga ba kule balimuambia Nsimire kama angekuja na hadisi ya vumbi bangemuweka ku foleni ya vumbi.

Mimi nilifungiwa mu chumba yangu. Yangu ilikuwa ya kikohozi na kuumwa mifupa tu, haikuniheshimu hata kunilaza vizuri. Riziki, sasa ni mama muzima na batoto yake, alikuwa anaweka bugali ku mulango anaenda. Kila mangaribi Nsimire akirudi alinipigia kelele juu ya ukuta. Leo hajafungua macho sana. Leo ameuliza rozari. Leo amekunywa uji, akasema uji haina chumvi. Siku ile ya chumvi nilijibu "Tumshukuru Mungu" na sauti kubwa mpaka imbwa ya jirani ikalia. Zile siku zote sikuigiza mutu. Batoto ya parsele balimuuliza Riziki kama koko, nyanya yabo, amepoteza sauti.

Ninashukuru kwa mengi, niyaseme hapa, juu nyinyi vijana munafikiri shukrani ni ya kilio. Ninashukuru Papa Janvier, mwenye alilinda zile test mu kabati wakati batu balimuambia azitupe. Ninashukuru Nsimire, mwenye aliamini magoti mbele ya kuamini Corona. Ninashukuru Safari na fulari yake. Ninashukuru baganga ba kule, majina yabo siyajui, benye balimugeuza Mama Nabintu usiku na muchana kama biazi mu majivu, asiungue upande.

Nilirudi ku mulango, Mama Nabintu angali ku hopitali. Papa Janvier aliniambia hakuna mutu atanitoa pale. Lakini sikuigiza, na sikumuambia mutu Corona haijaisha. Nilimwanga mayi tu. Bakinambia iliisha, ninasema karibu. Watu walijua ya blanketi, juu Goma habari inatembeaka na pikipiki, lakini hakuna mwenye alinirushia neno. Mama ya makala alikuja tena na ule mutoto, amesha pona vizuri, mama akaniangalia, akaleta mikono mbele sijachota.

Kisha, siku ya pili ya wiki moja, Mama Nabintu akashuka ku pikipiki ya Safari. Amekonda, kitambaa ya kichwa imekazwa vile vile. Alikuja pole pole, akasimama mara tatu pa fasi alisimamaka mara mbili. Banc yote ilikuwa inatuangalia, na foleni, na Aline na Bic yake. Sikuwa nimeomba musamaha bado. Nilikuwa nimeitengeneza, ndefu, mu chumba yangu, siku zile zote. Nikachota mayi. Akaleta mikono, nikamumwangia. Akanawa katikati ya vidole, vile alinifundisha.

Halafu akanyoosha ule mukono umeloa, akanitoa kopo mu mukono. Akachota yeye mwenyewe mu ndoo ya uzi mweupe.

"Leta mikono, Mama Riziki."

Nikamuambia mimi nilisha nawa.

"Sikukuuliza," akasema, na ile sauti ya somo ya kwanza.

Nikaleta mikono. Mayi ikaanguka, ya baridi, na harufu ile ya klore yenye ninajua kupita harufu ya nyumba yangu. Na pale nikahesabu, mimi mwenye sikusoma: miaka yote pa ule mulango nimemwangia motari, bapapa, batumishi wa Mungu, mufugaji na fimbo yake, na hakuna mutu hata mumoja alikuwa amenimwangia mimi. Na mimi sikuomba. Nilijiona kama niko upande wa ndoo.

Mama Nabintu alinipangusa na kitenge yake. Akasema Nsimire alimuhadisia ya magoti, na yeye anasikitika kitu moja tu, kwamba hakuiona, juu angeniigiza. Nikamuigizia. Pale pale, na magoti mubaya haya. Alicheka na cache-nez ku uso, akashika kifua, akaketi ku banc yake.

Miezi kidogo nyuma yake banipumuzisha. Mulinipa kitenge, soda, na maneno mingi ya Papa Janvier, mwenye aliangalia saa mara moja tu, nikaona ananipenda. Esther, ule mupya wa ku mulango, amekamata kopo. Nimemuonyesha nyuzi, nimemuonyesha fimbo ya kupimia, nimemuambia siku ya pili afike mbele ya bengine. Anamwanga vizuri, mukono murefu. Nikija kupimisha presha yangu ninamukuta pale, ananimwangia, ninanawa.

Halafu ninamutoa kopo mu mukono, ninamumwangia na yeye. Siku ya kwanza aliniambia amesha nawa. Sasa hasemi tena, analeta mikono tu. Lakini mimi sitakuja kila siku, na siku moja sitakuja kabisa. Kwa hiyo nyinyi mukipita pale asubui, hata kama radio imesema nini, mukamate ile kopo.